Mwongozo kamili wa kuandika hadithi fupi ya kutisha: anza na deni, jitu litakuja lenyewe

Miswada ya hadithi za kutisha ninayoletewa nisome huanguka mahali palepale. Aya ya kwanza imejaa damu. Aya ya tatu ina jitu lenye kucha ndefu. Ukurasa wa mwisho mhusika anashtuka kitandani: kumbe alikuwa akiota. Unamaliza kusoma na hujaogopa hata kidogo.

Waandishi hawa si wavivu. Wanakosea mahali pa kuanzia. Wanaanza na jitu, tena mara nyingi jitu la kuazima, lenye joho jeusi na kasri la mawe kwenye baridi ambayo mwandishi hajawahi kuisikia mwilini.

Hadithi za kutisha za watu weusi, ziwe za Georgia, Marekani, au za Tanga, hazianzii kwenye jitu. Zinaanzia kwenye jambo ambalo watu walitendewa kweli, kisha wakaambiwa halikutokea. Jitu huja baadaye, kudai. Hatua zote zilizo hapa chini zinasimama juu ya hilo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari la karatasi. Simu inakuvuta uandike haraka, na hatua mbili za mwanzo zinataka uende polepole.
- Mtu mzima mmoja wa kwenu aliye tayari kuzungumza, awe bibi, babu, shangazi au jirani wa siku nyingi.
- Tukio moja la kweli lenye mahali na wakati.
- Kazi moja ya mikono unayoijua vizuri: kufua, kuchoma mkaa, kuuza samaki, kulinda geti, kushona.
- Jioni sita, kila moja saa mbili.
- Msikilizaji mmoja asiyekuonea haya.

Urefu wa kulenga ni maneno 1,500 hadi 3,000. Chama cha waandishi cha Marekani kinachotoa tuzo za Nebula huhesabu hadithi fupi kuwa ile iliyo chini ya maneno 7,500, lakini anayejifunza asitumie nafasi yote hiyo. Hofu haivumilii kuvutwa sana.

## Hatua ya 1: Tafuta hofu yenye ushahidi

Mwaka 1852 walimu wa chuo cha udaktari cha Georgia, mjini Augusta, walimnunua mtumwa aitwaye Grandison Harris. Kazi waliyompa ilikuwa kwenda usiku kwenye makaburi ya Cedar Grove, walikozikwa watu weusi, kufukua maiti waliozikwa karibuni na kuwaleta chuoni wapasuliwe na wanafunzi. Mwaka 1989 mafundi waliokuwa wakikarabati jengo la zamani la chuo hicho walikuta maelfu ya mifupa ya binadamu chini yake.

Sasa weka hilo pembeni ya hili: kwa vizazi kadhaa, watu weusi wa kusini mwa Marekani walionyana wasitembee ovyo usiku, kwa sababu kuna "madaktari wa usiku" wanaokamata watu. Walioyasikia kwa mbali waliyaita ushirikina. Na huko Alabama, katika kaunti ya Macon, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao, wala hawakutibiwa hata penisilini ilipokwisha kuwa dawa ya kawaida.

Sisi tuna mumiani. Neno lenyewe lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami, kabla halijawa jina la mtu anayewinda damu. Enzi za ukoloni, Nairobi hadi Kampala, watu waliwaogopa wazimamoto; ilisemekana wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Kule Katanga, Kongo, waliogopwa batumbula, wakamataji wa namna hiyohiyo. Bahari nzima iko kati ya Augusta na Nairobi, lakini hofu ni moja: mwenye mamlaka ana matumizi na mwili wako, na wewe huwezi kumshtaki popote.

La kufanya. Andika hofu tatu za mahali ulipokulia. Pembeni ya kila moja jibu maswali mawili: ni jambo gani la kweli liko chini yake? Na nani alifaidika? Hofu isiyo na jibu la swali la pili iache kwa sasa.

Utajua umefaulu ukiweza kuieleza hofu yako kwa sentensi moja isiyo na jina la jini wala pepo, na bado sentensi hiyo ikakukosesha raha.

Kwa mwongozo huu nitatumia mfano mmoja nilioutunga, tuujenge pamoja. Hofu yangu ni hii: mgonjwa maskini anaweza kuingia hospitali na asiandikwe popote, akatoweka, na ndugu wakaambiwa hakufika.

## Hatua ya 2: Muulize mtu mzima, lakini si kuhusu mashetani

Ukimwuliza bibi "Je, kuna mashetani?" atakupa jibu la msikitini au la kanisani, na mazungumzo yataishia hapo. Uliza mahali, vitu na makatazo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mlipokuwa wadogo, mlikatazwa kupita wapi jioni?"

Hapo atakaa vizuri. Atakwambia njia gani, mti gani, nyumba ya nani. Atakwambia chumvi na sindano haviombwi usiku, na mluzi haupigwi giza likishaingia. Mwulize nini kilimpata aliyekaidi, kisha nyamaza. Usimsaidie kumalizia sentensi. Pale anapositasita, pale anaposema "aah, hayo yaache", ndipo palipo na hadithi yako.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti, na usitumie jina la mtu wa kweli. Ukiambiwa kisa cha marehemu wa familia fulani, chukua hofu yake, wenye msiba waachie msiba wao.

## Hatua ya 3: Lipe jambo lako sheria moja na deni moja

Hapa ndipo miswada mingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Jitu linaloweza kufanya lolote haliogopeshi. Linachosha. Msomaji huogopa anapoijua sheria na kumwona mhusika akiikaribia bila kujua. Angalia watu wa Gullah Geechee, wazawa wa Waafrika waliotumikishwa kwenye mashamba ya mpunga pwani ya South Carolina na Georgia. Wana kiumbe kiitwacho boo hag, ambacho huvua ngozi yake usiku na kumkalia aliyelala kifuani hadi pumzi inamwishia. Lakini kina sheria. Ukiweka ufagio karibu na kitanda, hakiwezi kupita kabla ya kuhesabu njiti zote, na alfajiri hukikuta bado kinahesabu.

Popobawa wa Pemba naye alikuwa na sheria yake. Mwaka 1995, hofu ilipotanda hadi Unguja, watu walilala nje kwa makundi wakiota moto, na ilisemwa kwamba aliyevamiwa lazima awatangazie wenzake, la sivyo atarudiwa. Fikiri uzito wa sheria hiyo: njia pekee ya kupona ni kulisema hadharani jambo ambalo aibu inakutaka ulifiche. Hadithi nzima imo ndani ya sheria moja.

Deni ni upande wa pili. Nani alikosewa, na anadai nini? Bila deni, kizuka chako ni mnyama mkali tu, na mnyama hutibiwa kwa bunduki.

Mfano wetu sasa. Mwanaidi anafua mashuka hospitalini, zamu ya usiku. Kila jioni hupeleka wodini mashuka 40, na alfajiri hurudi 41. Sheria: shuka la ziada humfuata yule anayeitaja idadi yake kwa sauti. Deni: mtu alitolewa wodini bila jina lake kuandikwa, na anachotaka ni kuhesabiwa.

Onyo ambalo silegezi. Usimfanye mtu mwenye ualbino kuwa kiumbe cha kutisha, wala kiungo chake kuwa dawa. Usimfanye bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na vinyesi vya ng'ombe, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo wakiwa hai. Hadithi inayorudia tuhuma hizo inawapa wauaji maneno. Ukitaka kuandika juu ya mauaji hayo, andika ukiwa upande wa anayesikia hatua za watu nje ya nyumba yake usiku. Wanaotisha ni hao waliosimama nje.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sheria kwa maneno yasiyozidi 15, na deni vilevile. Zikihitaji "lakini pia" na "isipokuwa", bado zimechanganyika.

## Hatua ya 4: Mpe mhusika kazi, na mtu wa kutomwamini

Mhusika anayekaa tu nyumbani akisubiri kutishwa hana uzito. Mpe kazi ambayo hawezi kuiacha: ada ya mtoto, kodi ya chumba, deni la kikoba. Hilo linajibu swali ambalo kila msomaji huuliza: kwa nini asikimbie? Kwa sababu mwisho wa mwezi ni wiki mbili mbele.

Kisha weka mtu anayekataa kusikia. Katika hadithi za namna hii, kutoaminiwa kunaumiza kuliko kizuka chenyewe, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Walioonya juu ya madaktari wa usiku waliambiwa ni ushirikina. Lakini asiyeamini asiwe katili. Mfanye mchovu, mwema kiasi, mwenye haraka, kama nesi huyu anayemjibu Mwanaidi, mama wa mtoto aitwaye Zuhura:

"Dada, leo tena yamezidi."

"Umechoka, Mama Zuhura. Andika arobaini, tukalale."

Nesi huyu hana ubaya wowote. Ndiyo maana sentensi yake inaumiza.

## Hatua ya 5: Andika rasimu ya kwanza, na uache Kiswahili kifanye kazi

Anza na kazi ikiendelea. Aya mbili za mwanzo ziwe za kufua: maji ya moto, harufu ya dawa ya madoa, vidole vilivyochunika, daftari la makabidhiano lililofungwa kalamu kwa uzi. Msomaji akishaamini mikono ya Mwanaidi, ataamini na shuka la 41.

Chelewesha. Jambo geni la kwanza lije dogo kiasi kwamba mhusika anaweza kulipuuza. Mara ya pili lije likiwa na maelezo yasiyotosha. Mara ya tatu asiwe na maelezo tena. Katika mfano wetu: usiku wa kwanza shuka limezidi, anadhani alikosea. Usiku wa pili analiweka kando, na linarudi limekunjwa. Usiku wa tatu analigusa, na ni la moto, kama lililotoka kulaliwa sasa hivi.

Tumia ngeli. Huu ni utajiri ambao waandishi wetu wengi wanauacha chini. Soma hii:

> Mtu alikuwa amesimama mwisho wa korido. Alivaa kanga. Alikuwa ameinama kama anayesoma kitu sakafuni. Mwanaidi akamsalimia. Hakikuitika.

Kiambishi kimoja tu kimebadilika, kutoka *a-* hadi *ki-*, na yule mtu si mtu tena. Hakuna haja ya kucha wala meno. Fanya hivyo mara moja tu katika hadithi nzima. Mara ya pili msomaji ataona ni mchezo.

Chagua kati ya "ulifunguka" na "ulifunguliwa". Mlango uliofunguka huenda ni upepo. Mlango uliofunguliwa una mkono nyuma yake. Andika "ulifunguka" ukurasa wa pili, na "ulifunguliwa" ukurasa wa tano, bila kumtaja aliyefungua.

Usitaje kama ni mwanamume au mwanamke. Lugha yetu inakuruhusu kuandika "alikuja, akaketi miguuni pa kitanda" bila kusema ni nani wala ni wa jinsia gani. Msomaji ataujaza huo mwanya na mtu anayemwogopa yeye mwenyewe.

Weka sheria kinywani mwa mtu, mapema, kama jambo la kawaida. Mzee aliyemfundisha Mwanaidi kazi amwambie siku ya kwanza, akikung'uta shuka: "Mwanangu, humu ndani hatuhesabu kwa sauti." Asieleze sababu. Akieleza, umeua hadithi.

Andika rasimu yote kwa jioni mbili bila kurudi nyuma kusahihisha. Makosa ya tahajia yatangoja.

Utajua umefaulu ikiwa umefika nusu ya hadithi na hakuna aliyekufa, lakini wewe mwenyewe unaangalia mlango.

## Hatua ya 6: Mwisho wenye gharama

Miisho mitatu iache kabisa.

Ndoto. Umemwomba msomaji muda wake, kisha unamwambia hakuna kilichotokea. Kumbuka hofu yetu ilivyozaliwa: watu walioambiwa hakuna kilichotokea. Usiwe mtu wa pili kuwaambia hivyo.

Shehe au mchungaji anayefika ukurasa wa mwisho, anasoma, kiumbe kinatoweka. Mhusika anaweza kuomba, na kwetu ataomba kweli. Mwandike akiomba kwa moyo wake wote. Lakini dua isilipe deni badala ya wenye deni.

Na mauaji ya wote. Wakifa wote, hakuna anayebaki kubeba.

Mwisho mzuri unamfikisha mhusika mahali penye njia mbili, zote mbaya, naye anachagua. Kwetu sisi: shule imefungwa, Mwanaidi hana wa kumwachia mtoto, kwa hiyo Zuhura, miaka saba, analala kwenye benchi la chumba cha kufulia. Alfajiri anaamka na kutaka kumsaidia mama. Anahesabu kwa sauti safi ya darasa la kwanza, na anamaliza: "Arobaini na moja!"

Mwanaidi amekuwa akiandika 40 mwaka mzima. Sasa anachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi, anaandika 41, na chini yake anaandika jina lake mwenyewe, ili deni limfuate yeye na limwache mtoto.

Aya ya mwisho: mhudumu wa asubuhi anafika. Mtoto amekaa kwenye benchi peke yake. Mhudumu anahesabu mashuka kimya kimya, anahesabu tena. Yapo 42.

Kata hapo. Katika miswada, baada ya mstari kama huo huwa kuna aya nyingine inayoeleza kwamba Mwanaidi alichukuliwa. Ifute bila huruma. Msomaji ameshajua, na kujua mwenyewe ndiko kunakomtisha.

## Hatua ya 7: Futa, kisha soma kwa sauti

Iache rasimu siku tatu. Ukirudi, tafuta vitu hivi na uvitoe:

- Neno "kutisha" na ndugu zake wote: "la kuogofya", "kwa hofu kubwa". Ukiwa umelazimika kusema ni la kutisha, bado halijatisha.
- Misemo iliyochakaa: giza totoro, nywele zilimsimama, damu ilimganda, jasho jembamba lilimtoka. Mwili wa anayeogopa hufanya mambo ya ajabu zaidi. Mwanaidi anaweza kujikuta anakunja shuka lilelile mara ya tano.
- Alama za mshangao, isipokuwa ndani ya maneno ya mtu. Ile ya Zuhura ibaki.
- Kila aya inayoeleza historia ya hospitali kwa mkupuo. Ukweli uliokusanya katika hatua ya 1 uonekane vipandevipande: ukurasa uliochanwa kwenye daftari, kitanda ambacho hakipewi mgonjwa.

Kisha msomee msikilizaji wako baada ya isha, taa moja ikiwaka. Usimpe karatasi. Masikio yetu yamelelewa na "Hadithi, hadithi!" na "Hadithi njoo!", kwa hiyo sikio litanasa sentensi ndefu mno kabla ya jicho. Wewe mtazame mikono. Akigusa simu, weka alama ya penseli mahali hapo na uendelee. Usimwulize kama ameipenda, maana kwa adabu atasema ndiyo. Mwulize: "Kwa nini mashuka yalikuwa 42?"

Akijibu sawasawa, umemaliza. Akisema hajui, rudi hatua ya 3. Sheria yako haikusikika. Akijibu, kisha akakuomba umsindikize hadi chooni uani, usibadilishe neno lolote.

## Hatua ya 8: Kuituma

Usiiweke kwanza kwenye kundi la WhatsApp wala ukurasa wako wa Facebook. Majarida mengi huhesabu kuwa hiyo imeshachapishwa, na yataikataa.

Ukiwa tayari kuifasiri kwa Kiingereza, yako majarida yanayotafuta kazi za namna hii hasa: Omenana, lililoanzishwa Nigeria mwaka 2014 kwa hadithi za kubuni za Waafrika, na FIYAH la Marekani, lililoanza 2017 kwa waandishi weusi. Soma masharti yao siku unayotuma, kwa kuwa vipindi vya kupokea miswada hufunguliwa na kufungwa. Katika tafsiri, mchezo wa *a-* na *ki-* utapotea kwa sehemu, kwa hiyo utalazimika kutafuta njia nyingine ya kumgeuza yule mtu wa koridoni kuwa kitu. Hilo litachukua jioni nzima. Mpe jioni hiyo.

Kwa wahariri wa Kiswahili, tuma faili safi, jina la hadithi na idadi ya maneno juu, bila picha ya fuvu wala herufi zinazochuruzika damu. Barua ya kusindikiza iwe na mistari minne, na isieleze hadithi inamaanisha nini.

Nakala moja baki nayo nje ya simu. Wakati unangoja jibu, fungua daftari pale ulipoandika hofu tatu. Mbili bado hazijaguswa.